Vifuniko Viwili

Katika dirisha la dawa la hospitali ninapofanya kazi, wagonjwa wana lalamiko moja juu yangu: hawanisikii. "Dada, sema kwa nguvu, hapa si msibani," mzee mmoja mwenye kikohozi aliwahi kuniambia, na foleni nzima ikacheka. Basi nikajizoesha kuandika. Naandika kwenye bahasha za vidonge na kwenye maboksi ya dawa za maji, na kwa wasiojua kusoma nachora jua la asubuhi na mwezi wa usiku. Kwa dawa fulani za macho sikuwa na haja ya kuandika sana. Nilionyesha kifuniko.

Ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Dawa ya kupanua mboni, kile kitundu cheusi katikati ya jicho, huwa na kifuniko chekundu. Dawa ya kuibana mboni huwa na cha kijani. Chupa zenyewe zinafanana kwa umbo na kwa ukubwa, na maandishi yake ni madogo kama sisimizi. Mwalimu wetu alitukaririsha mpaka tukawa tunaimba: chekundu hufungua, kijani hufunga. Baada ya miaka minne dirishani, mkono wangu ulikuwa hauulizi tena. Ukiona rangi, unachukua.

Baba yangu alikuwa fundi saa. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilikuwa karakana yake, na dirisha lake liliangalia barabarani ili watu wamkabidhi saa zao bila kuingia ndani. Alikaa hapo tangu asubuhi, lenzi nyeusi imebanwa jichoni, kibano mkononi, akihamisha skrubu ambazo mimi nikizishika huzipoteza kwenye mistari ya kiganja. Tulikuwa wawili tu. Mama alitutoka nikiwa darasa la sita.

Jicho la kushoto alilipoteza miaka miwili kabla ya mambo haya. Kichwa kilimuuma siku tatu, akawa anameza vidonge vya maumivu na kusema kitaacha chenyewe. Alipokubali kwenda hospitali, presha ndani ya jicho ilikuwa imeshaua mshipa wa kuonea. "Limestaafu bila kiinua mgongo," alisema. Akahamishia lenzi jicho la kulia, akaendelea na kazi.

Mwaka huu daktari wa macho, mama mmoja mpole mwenye mikono baridi, aligundua kwamba jicho la kulia lina umbile lilelile. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa kila wakati na kutoka kila wakati, kupitia pembe nyembamba mno pembezoni mwa mboni. Kwa Baba pembe hiyo ilikuwa finyu kupita kiasi. Mboni ikipanuka, ile nyama yenye rangi inayoizunguka hujikunja pembeni na kuziba njia. Maji yanaendelea kuja, hayatoki, na jicho linakuwa gumu kama jiwe. Tiba yake ni kutoboa kitundu kidogo kwa mwale wa leza. Lakini mashine ya leza ilikuwa imeharibika, na kipuri chake kilitarajiwa baada ya wiki tatu.

"Tukilivusha jicho hili hizo wiki tatu, tumelishinda," daktari alituambia. "Mboni isipanuke, basi. Mzee asikae gizani muda mrefu, na atiwe hii dawa mara nne kwa siku. Akiona duara za rangi kuzunguka taa, au jicho likiuma, mlete saa hiyohiyo."

Alinipa chupa yenye kifuniko cha kijani. Pilokapini.

Jioni ile Baba alitaka kujua tone moja la maji linawezaje kuamuru jicho. Alikuwa mtu wa kutaka kufungua kila kitu aone kinachozungusha. Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Kwenye jicho kuna msuli mdogo wa duara, na kazi yake ni kuibana mboni. Neva ikitaka msuli ubane, haiugusi. Inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo inavuka upenyo mdogo na kukaa kwenye vipokezi vya msuli, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake. Ikikaa, msuli unabana. Kisha kimeng'enya kinakuja kuivunjavunja, na kiti kinakuwa wazi kwa amri nyingine.

"Na hii dawa yangu?"

"Hii inafanana na hiyo kemikali. Inakaa kwenye kiti kilekile, msuli unadhani umeamriwa, unabana. Na haivunjwi upesi."

"Tapeli, kumbe."

"Tapeli mwenye faida, Baba."

Alicheka. "Hakuna anayekaa asifanye kitu?"

"Yupo. Atropini. Hiyo inakaa kwenye kiti, haitoi amri yoyote, na haiwaachi wengine wakae. Msuli unalegea, mboni inapanuka. Na ikishakaa kwenye jicho haitoki upesi, inaweza kukaa wiki nzima na zaidi."

"Huyo namfahamu," Baba alisema. "Alikuwa bosi wangu wa kwanza."

Pilokapini ilimsumbua mwanzoni. Ilimvuta kipaji cha uso, na kwa kuwa mboni ilikuwa imebanwa, mwanga kidogo tu uliingia. Alilalamika kwamba dunia imepunguziwa taa. Akanunua balbu kubwa zaidi, akaisogeza taa mpaka ikawa inamchoma paji la uso, na saa zikaendelea kutengenezwa. Wiki ya kwanza ikapita. Nilikuwa nazihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani kwa kuzikata kwa kalamu.

Alhamisi ya wiki ya pili, jicho langu mimi likaanza kuuma. Lilikuwa jekundu, halitaki jua, linatoa machozi. Ijumaa asubuhi nilienda kwa daktari yuleyule. Aliniangalia kwa darubini yake, akasema kuna uvimbe ndani, na mboni yangu imejibana na iko hatarini kugandamana na lenzi iliyo nyuma yake. Inatakiwa ifunguliwe na iachwe imepumzika. Akaniandikia vidonge vya kutuliza uvimbe, na atropini, nianze jioni.

"Sasa nyumba moja ina dawa mbili zinazokinzana," alisema akitabasamu. "Msije mkachanganya."

Nami nikatabasamu. Nilikuwa nimevaa koti langu jeupe la kazi.

Nilirudi nyumbani saa nane mchana. Niliichana ile ngozi ya plastiki iliyofunga chupa yangu, nikahakikisha inadondosha vizuri, nikaiweka kwenye sinia ndogo ya bati kando ya dawa ya Baba. Niliziweka pamoja kwa ajili ya utaratibu. Kisha nikalala nikiwa na kitambaa chenye maji juu ya jicho.

Ijumaa alasiri Baba alikuwa na desturi ya kusafisha. Kila kibano, kila bisibisi, kila kifuniko cha kikopo cha mafuta vilioshwa kwa maji ya moto na sabuni, vikafutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, vikarudishwa mahali pake. Alikuwa anasema vumbi moja linaweza kusimamisha saa ya mtu. Nikiwa nimelala nilisikia maji yakimiminika kwenye beseni. Nilisikia vitu vidogo vikigongana. Ilikuwa sauti ya kila Ijumaa ya maisha yangu, nikapitiwa na usingizi.

Jioni alikaa kwenye kiti chake, akalaza kichwa nyuma. "Haya, mganga, nimwagilie."

Nilichukua chupa ya kijani nikamtia tone moja. Nikachukua nyekundu nikajitia mimi. Yangu ilinichoma na kunivuta kipaji, nikasema moyoni kwamba ni ugonjwa. Baba alipepesa jicho, akasema, "Leo imekuwa na adabu. Haijanivuta."

"Umeanza kuizoea," nilimwambia, na nikafurahi.

Kabla ya kulala nikamtia tena, nami nikajitia.

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta karakanani anapiga mluzi. Balbu kubwa ameizima. "Njoo uone," aliniita. "Taa imerudi. Naona mwanga hadi kwenye pembe za chumba. Nimemaliza saa ya mkononi ya Mwalimu bila kuwasha taa." Mwalimu alikuwa jirani yetu mstaafu, mwenye saa tatu zote mbovu. Baba alinyoosha mkono akitaka niangalie jinsi sindano ya sekunde inavyotembea. Nilitazama kwa jicho langu moja zima. Ilitembea vizuri sana. Nikamtia tone la asubuhi.

Namkumbuka alivyokuwa asubuhi ile kuliko siku nyingine yoyote. Alikuwa mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Saa tano aliniita tena, sauti imebadilika. "Hebu washa taa." Nikawasha. Akaitazama kwa muda. "Ina duara. Kama upinde wa mvua."

Niliyajua maneno ya daktari. Mlete saa hiyohiyo. Lakini hospitali Jumamosi kuna daktari mmoja wa zamu kwa idara zote, na wa macho inabidi apigiwe simu nyumbani kwake. Mimi ni mtu ambaye nikitaka kumpigia simu mtu mzima mwenye shughuli zake huandika kwanza kwenye karatasi nitakachosema. Na tena nilikuwa na jibu. Presha inapanda kwa sababu mboni imepanuka kidogo. Basi ibanwe zaidi. Nimeshawahi kuona maelekezo hayo yakiandikwa: tone moja, robo saa tone lingine, robo saa lingine. Nilimwambia alale kitandani, nikamtia kutoka kwenye chupa ya kijani mara tatu, nikiangalia dakika kwenye saa yake mwenyewe.

Saa saba alikuwa anatapika.

Jicho lilikuwa jekundu, na kioo chake kimeingia ukungu kama dirisha la jikoni. Alishika upande wa kichwa kwa mikono miwili akisema, "Ni lile lile. Mwanangu, ni maumivu yale yale ya lile jingine." Nikamwambia tunaenda hospitali. Nikakimbilia bafuni kulowesha taulo la kumfuta. Kipaji changu nacho kilikuwa kinavuta kana kwamba mtu ameshona uzi ndani yake na anauvuta. Niliinua uso kwenye kioo.

Macho yetu sisi ni ya kahawia iliyoiva sana. Bila tochi huwezi kuona mboni inaishia wapi. Nilikuwa na tochi ndogo ya kazini mfukoni. Sijui kwa nini niliiwasha. Labda nilitaka nione angalau dawa yangu inafanya kazi. Nilimulika jicho langu bovu, ambalo atropini ilitakiwa iwe imelifungua likawa jeusi pana. Mboni yake ilikuwa kama tundu la sindano.

Nilirudi chumbani. Nikamulika jicho la Baba. Ilibidi nilisogelee sana kwa sababu ya ukungu. Kahawia ilikuwa imeisha kabisa, imebaki pete nyembamba pembeni. Kilichobaki chote kilikuwa cheusi.

Ndipo niliposoma. Nilikaa sakafuni na ile sinia ya bati na nikasoma yale maandishi ya sisimizi, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Chini ya kifuniko cha kijani: atropini. Chini ya chekundu: pilokapini.

Vifuniko vyote viwili vilikuwa safi sana. Vinang'aa.

Baba hajawahi kuiona tofauti ya nyekundu na kijani. Ni jambo tulilokuwa tunalicheka. Akitumwa nyanya, anarudi na kilo nzima ya mbichi za kijani, na muuza nyanya alishajua, alikuwa anamchagulia mwenyewe. Soksi zake nilizipanga mimi kila Jumapili. Nililijua hilo tangu sijaanza shule, na bado nilikuwa nimeikabidhi rangi kazi ya kumlinda.

*

Daktari alifika hospitalini kabla hatujamaliza kuandikishwa. Alipoyagusa macho ya Baba kwa vidole kupitia kope, la kulia halikubonyea. Wakamwekea dripu ya kuvuta maji mwilini, wakampa vidonge vya kupunguza utengenezaji wa maji ya jicho, wakamtia dawa nyingine za matone. Wakamtia pilokapini pia, ile ya kweli, niliyoisoma kwa macho yangu na kuisoma tena. Haikufanya kitu.

Kwenye korido nilimweleza daktari yote. Nilisema kwa sauti ndogo mno hata akainama. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

"Umemtia matone mangapi?"

"Sita."

Alifumba macho kidogo. "Unajua mwenyewe basi. Vipokezi vyote vimeshakaliwa. Naweza kumwaga pilokapini chupa nzima, itakuwa inasimama mlangoni. Siwezi kuitoa atropini, naweza kuisubiri tu."

"Siku ngapi?"

"Wiki. Pengine zaidi. Na mshipa wa jicho hausubiri wiki." Akanishika bega. "Kioo kikipungua ukungu tutatoboa kwa mkono, upasuaji. Kesho asubuhi, ikiwezekana. Wewe jicho lako limeshapata dawa sahihi?"

Nilikuwa nimelisahau. Alinitia yeye mwenyewe palepale koridoni, nimeegemea ukuta, na kabla hajanitia aliisoma chupa mara mbili. Niliiona midomo yake ikisoma.

Upasuaji ulifanyika Jumapili saa nne. Presha ilishuka, lakini haikufika mahali salama mpaka Jumatatu. Siku mbili karibu kamili, kwa hiyo, jicho lile lilikuwa limebanwa ndani kwa ndani.

Shangazi alikuja Jumatatu hiyo. Ni dada mkubwa wa Baba, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Aliweka chupa ya chai kwenye kabati la wodini, akamtazama mdogo wake aliyefungwa bandeji, akanigeukia.

"Haya. Nani kakosea?"

"Dada," Baba alisema kutoka kitandani, "hebu kaa kwanza."

"Sikai! Mtu anaenda hospitali anapewa dawa ya kumpofusha? Nani aliyeitoa hiyo dawa? Kwenye dirisha gani? Nitaenda pale nisimame mpaka wanitajie jina. Huyu mtoto anafanya kazi humuhumu, naye amekaa kimya kama amekatwa ulimi. Ama unawaficha wenzako?"

Wagonjwa wa vitanda vingine walikuwa wameacha kuzungumza. Nilijua nikisema habari ya vifuniko, nitakuwa namwambia Shangazi, na Baba akiwa anasikia, kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyovibadilisha. Mikono ambayo haikuwahi kukosea skrubu.

"Ni mimi, Shangazi. Nilichukua chupa si yake. Sikusoma."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ambaye tulichanga sote usomee dawa?"

"Ndiyo, Shangazi."

Alinitazama muda mrefu. Nilitaka anipige. Akachukua mkoba wake, akasema na mlango, si na mimi: "Basi mimi sina la kusema." Ni mara ya kwanza maishani nilimsikia akisema hivyo. Chai hakuichukua. Ilibaki pale ikapoa.

Baba alingoja hatua zake ziishe koridoni.

"Hukumwambia yote," alisema.

Nilinyoosha shuka miguuni pake.

"Nimelala hapa siku mbili sina kazi ila kufikiri. Ijumaa niliosha vifuniko vya zile chupa zako. Changu kilikuwa kimeganda dawa pembeni, nikasema nikiosha changu nioshe na cha kwako. Kilikuwa kipya, lakini nikasema kisije kikaona wivu." Alitaka kucheka, ikamshinda. "Nikavirudisha. Viwili, sawasawa, hesi moja, kila kimoja kinaingia chupa yoyote. Kifuniko ni kifuniko. Au vile vilikuwa na maana?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimeshadanganya nusu, nusu nyingine isingenishinda. Nilifungua mdomo, na hakuna kilichotoka.

"Ukinyamaza hivyo najua," Baba alisema. "Rangi?"

"Rangi, Baba."

"Kila chupa na rangi yake."

"Ndiyo."

"Na mlifundishwa hivyo. Kwamba ukiona rangi, umeijua dawa."

"Ndiyo. Lakini tulifundishwa na kusoma pia. Kosa ni la kwangu. Ningesoma mara moja tu..."

"Na mimi hukuniambia."

"Nilidhani..." Sikujua nilidhani nini. Ukweli ni kwamba haikunijia akilini. Ilikuwa siri ya kazi yangu, kitu cha dirishani, kama yeye alivyokuwa na alama zake ndogo alizokwaruza ndani ya saa za watu ambazo hakuwahi kunieleza.

"Ulidhani nini, nawe unajua sioni nyekundu?"

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeuliza kwa nini saa imesimama na hakuna kilichovunjika. Nilisubiri aseme lingine. Akajigeuza polepole, akalala akitazamana na ukuta, japo kwa zile bandeji ukuta na mimi tulikuwa sawa kwake.

Siku zilizofuata alinijibu kila nilichomwuliza. Umekula? Nimekula. Panauma? Kidogo. Hakuniita mganga tena. Nilipata likizo kazini, nikawa nakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda tangu asubuhi hadi walipotutoa. Mwalimu alikuja mara moja, akasimama na kofia mkononi, akasema saa yake inatembea vizuri mno, haijawahi kutembea hivyo, na yeye hana haraka na zile nyingine mbili. Baba akamwambia amsamehe, zitachelewa kidogo. Alisema hivyo: kidogo.

Jicho langu lilipona. Mboni ilifunguka, uvimbe ukaondoka, jua likaacha kuniuma. Kufikia Alhamisi nilikuwa naona vizuri kwa macho yote mawili, hata tarakimu ndogo za kwenye ile dripu nikiwa kitini pangu. Nililionea aibu jicho hilo. Nilikuwa nikiangalia upande mwingine muuguzi aliponiuliza linaendeleaje.

Siku ya tisa, ukungu kwenye kioo cha jicho la Baba ukawa umekwisha. Siku ya kumi na moja daktari alimtia pilokapini asubuhi, kuona kama atropini imeondoka. Alirudi baada ya nusu saa, akaniita nami nisogee. Akamulika kwa pembeni kwa taa yake kubwa.

Mboni ilikuwa imebana. Ndogo, ya duara kamili, kama ilivyokuwa wiki ile ya kwanza Baba alipolalamika kwamba dunia imepunguziwa taa. Nyama ya kahawia ilikuwa imerudi mahali pake, na nilikiona hata kile kitundu kidogo walichokitoboa juu, kwa ajili ya maji. Presha ilikuwa ya mtu mzima wa afya. Kila kitu nilichowahi kumweleza kuhusu jicho kilikuwa kinafanya kazi kama nilivyoeleza. Kemikali ya uongo ilikuwa imekaa kwenye kiti chake, na msuli ulikuwa umetii.

"Dawa imekubali, Baba," nilisema. "Imebana."

"Imekubali?" Aliinuka akakaa. Nilimwona akiutengeneza ukosi wa shati lake, kama alivyofanya mteja anapokaribia dirishani. "Daktari, kweli?"

"Kweli, mzee. Mboni imerudi, na presha ni nzuri," daktari alisema. Sauti yake ilikuwa ya uangalifu sana. "Sasa nataka kujua kitu kimoja. Nitakumulika kwa tochi moja kwa moja. Uniambie ukiona mwanga, hata kidogo. Hata kama ni kama moshi. Uniambie na unatokea upande gani."

"Sawa."

Alizima taa ya wodini upande wetu. Akaichukua tochi yake, akaiwasha, akaisogeza mpaka ikawa upana wa kiganja kutoka usoni mwa Baba. Mwanga ulimjaa shavuni, ukaonyesha ndevu nyeupe nilizoshindwa kumnyoa vizuri asubuhi ile. Akaipeleka kushoto. Akaipeleka kulia. Akairudisha katikati, akaituliza hapo.

Baba alikuwa amekaa wima. Mikono juu ya magoti, pumzi ameizuia, kama alivyokuwa akiizuia anapoweka gurudumu la mwisho mahali pake.

"Niko tayari," alisema. "Washa basi, Daktari."

Daktari alinitazama mimi.

"Imewaka, Baba," nikasema.

Hakujisogeza. Alibaki vilevile, uso ameuinua, jicho wazi mbele ya mwanga, akisubiri.